Joto Nyuma ya Friji

Sweta la mama mdogo lilikuwa la kijani kibichi lenye vifungo vyeusi, isipokuwa kimoja cha katikati kilichokuwa cheupe. Nililishika mikononi sebuleni kwake Tunduma, mtaa wa Sogea, siku tulipoanua matanga yake mwaka huu, na wanawake waliojaa kwenye mikeka walikuwa wananitazama mimi badala ya kulitazama sweta. Shangazi aliyetoka Hasamba kusimamia ugawaji wa nguo za marehemu alikuwa ameshatoa vitenge vyote na viatu, akabakiza hilo makusudi. "Hili aamue Leya," alisema. "Huyu ndiye marehemu alikuwa anamwita mama, kwa kuwa ana jina la bibi. Alichukue, ama ampe anayemtaka." Nikaomba wanivumilie kidogo. Wanafunzi wangu chuoni wananijua kama mtu asiyechelewa kuamua, na wengine huona namaliza mambo haraka mno. Lakini pale nilikaa nimelikumbatia lile sweta, nikinusa mafuta ya mgando na moshi wa mkaa, na macho yakaenda yenyewe kwenye kona iliyo kati ya kabati la vyombo na ukuta. Siku hizi pana meza ya televisheni. Lakini sakafu ya saruji bado ina alama za miguu ya friji lililosimama hapo miaka mingi, na ukiziangalia vizuri utaona zimekaa mbali na ukuta, mbali kuliko mtu wa kawaida anavyoweka friji sebuleni.

Mwaka liliposogezwa hapo nilikuwa msichana wa ishirini na kitu, nimerudi kutoka chuo kimoja cha Ulaya ya kaskazini nikiwa nimekwama. Watu wakisikia kazi yangu ni baridi hudhani nauza mafriji, na wakati ule sikuwa na subira ya kuwaeleza. Ngoja nieleze sasa. Friji nililokuwa nikilitengeneza halikuwa na mota wala gesi, na lilikuwa dogo kiasi kwamba bila hadubini hulioni. Lilikuwa vipande viwili vya metali vilivyotenganishwa na utando wenye unene wa atomi chache tu. Upande mmoja ni shaba. Upande wa pili ni aluminiamu, ambayo ukiipoza mno hubadilika tabia na kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Metali iliyofikia hali hiyo tunaiita superkondakta. Elektroni za shaba, zile chembe zinazobeba umeme, haziingii huko ovyo. Kuna kizingiti, na zenye joto kubwa pekee ndizo zinazoweza kukivuka. Ukizisukuma kwa umeme mdogo uliopimwa vizuri, zile zenye joto hupenya utando na kwenda zake, zilizopoa hubaki, na shaba inazidi kuwa baridi, sawa na chai inavyopoa kikombeni mvuke ukiondoka. Kazi yenyewe huanzia chini kabisa, karibu na ile sifuri ya mwisho ambako hakuna tena joto la kuondoa, na shida yote ni kushuka kidogo zaidi ya hapo, ili vifaa vya wataalamu wa anga viweze kuhisi mwanga hafifu wa nyota za mbali. Friji langu lilishuka kidogo, likagoma. Nikizidisha umeme, badala ya kupoa linapata joto. Nilibadilisha utando, nikabadilisha shaba, nikajifungia chooni nikalia. Kisha maabara ikahamia jengo jipya, mitambo ikafunguliwa vipande vipande, na profesa wangu, mzee mpole asiye na maneno mengi, akaniambia niende kwetu mwaka huo nikapumzike. Nikirudi na wazo tutaendelea. Nikirudi bila wazo atanitafutia mada nyingine.

Wazee wa kijijini kwetu Hasamba ndio walioamua niishi Tunduma. Mama mdogo alikuwa amebaki peke yake tangu binti yake Neema afariki mwaka uliotangulia, kwa homa iliyomchukua ghafla nikiwa ng'ambo, na yeye mwenyewe alikuwa na kisukari cha kujichoma sindano kila siku. Neema alikuwa rika langu. Tulinyonya embe moja, tulichapwa fimbo moja, na sikumzika. Nilifika na begi langu na zawadi ya saa ya ukutani ambayo mpaka leo sijui niliinunulia nini. Mama mdogo alinipokea mlangoni, akanishika mashavu, akasema, "Mama, umekonda kama ufito. Huko kwenye barafu hawali?" Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kulia naye, machozi yakabaki yamesimama nisijue niyapeleke wapi. Akanionyesha chumba cha Neema: kitanda kimetandikwa, dirisha limefunguliwa, na hakuna kitu kingine chochote, hata msumari. Alisema nguo zilishagawiwa. Sikuuliza zaidi, kwa sababu ndivyo inavyofanyika. Marehemu akishazikwa na matanga yakianuliwa, nguo zake huenda kwa ndugu na majirani, na nyumba inapumua.

Sebule ilikuwa ndogo na ilijaa friji. Nasema ilijaa friji, ingawa palikuwa na makochi pia, kwa sababu ukiingia tu ndilo lililokupokea: refu, jeupe, limesimama kwenye kona ya heshima, limevikwa kitambaa kikubwa alichofuma Neema kwa uzi wa waridi, kikiteremka mbele, pembeni na nyuma mpaka karibu na sakafu. Juu yake palikuwa na maua ya plastiki na picha ya Neema ndani ya joho la kwaya. Neema ndiye aliyelinunua, na enzi zake walikuwa wakigandisha juisi ya ubuyu kwenye vifuko na kuwauzia madereva wa malori waliopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Alipofariki, mama mdogo aliacha biashara hiyo. Friji likabaki na dawa yake tu, chupa za insulini alizoletewa kutoka hospitali ya misheni, amezipanga chini kabisa juu ya ile nundu inayofunika mota, kwa sababu aliambiwa zisigande na kule juu kwenye barafu alikuogopa. Lilikuwa na ufunguo, nao aliufunga kiunoni kwenye pindo la kitenge. Mwezi wa sita, kipupwe kikali, tukikaa sebuleni tumejifunika mablanketi, nilimtania kwamba angeweza kuiweka insulini dirishani tu. "Dirishani?" alisema. "Na friji lifanye kazi gani? Lipendeze tu kama bibi harusi?"

Nilipata vipindi vya kufundisha shule ya sekondari asubuhi, na mchana nilikaa mezani na makaratasi yangu ya elektroni huku nyumba ikiendelea na shughuli zake. Tulikula ugali wa mahindi ya Mbozi na dagaa wa Mpulungu, au maharage na matembele, na Jumapili jirani yetu Mama Jeni alituletea chikanda aliyokuwa akiiuza sokoni, ile mikate myekundu ya mizizi na karanga, ambayo mama mdogo aliruhusiwa kuila bila wasiwasi wa sukari. Mama Jeni alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumfikia mtu Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wateja wake wa Zambia walimfuata mpaka kwetu. "Mulishani, ba mayo!" walimsalimia mama mdogo kwa Kibemba, naye alijibu, "Bwino, bwino," akageuka kwangu na kuninong'oneza kwamba hapo Kibemba chake chote kimekwisha. Watu walimwona amekaa vizuri. Alicheka, alikwenda kanisani, alikumbuka misiba ya wenzake. Jina la Neema tu ndilo halikutajwa. Mtu akilitaja, mama mdogo alinyanyuka kwenda kuangalia jiko, hata kama jiko halikuwashwa.

Jambo moja lilinishangaza tangu mwanzo. Kila alfajiri, kabla sijatoka kitandani, nilimsikia sebuleni akizungumza na mtu. Hakuzungumza kwa sauti ya maombi, maana maombi yake yalikuwa ya Kinyamwanga na ya kufoka. Hii ilikuwa sauti ya chini, ya Kiswahili, ya mtu anayemwamsha mtoto. "Haya, umeamkaje?" nilimsikia siku moja. "Mgeni wetu bado kalala. Mwache, anasoma sana." Nilipotoka alikuwa amesimama kando ya friji, mkono mmoja umezama nyuma ya hilo friji mpaka kwapani, kana kwamba amedondosha kitu. Akautoa mkono. "Buibui," alisema. Nikaamini. Nilikuwa na mambo yangu.

Joto la Septemba lilipoanza, mambo yakabadilika. Kwanza ilikuwa kiu. Alibeba jagi la maji kila anapokwenda. Kisha miguu ikawa inawaka moto, kisha akaanza kuniomba nimsomee Biblia kwa kuwa herufi zilikuwa zinaogelea. Alijichoma sindano kama kawaida, nikimwona, bila kukosa, na sukari ilizidi kupanda. Zahanati wakamwongezea dozi. Ikapanda. Kina mama wa kanisani wakasema ni mawazo, na mmoja akasema ni mkono wa watu. Jioni moja niliomba maji ya baridi, akanifungulia friji, na chupa aliyonipa ilikuwa vuguvugu. Nikaweka kiganja ndani. Hapakuwa na baridi. "Mama mdogo, friji limekufa." "Limekufa wapi, na husikii linavyonguruma?" Ni kweli, lilinguruma kutwa kucha, bila kupumzika, na ungelisikia ungesema ndilo lenye bidii kuliko wote Sogea. Nikamwambia nitamwita fundi alivute alitazame. Hapo ndipo nilipomwona akikasirika kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Hakuna fundi wa kulivuta friji langu," alisema. "Umeme wenyewe ni mdogo, unatoka ng'ambo, Wazambia wakiamka vibaya wanautumia wote. Litapoza likitaka." Nikasema sawa. Nilidhani ni uchungu wa kitu alichonunua marehemu, na kwa namna fulani nilikuwa sawa.

Alianguka mwezi wa kumi, mchana, akitoka kuanua nguo kambani. Mama Jeni na mimi tulimpakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali, kichwa chake kwenye mapaja yangu, pumzi zake zikinuka kama tunda lililovunda. Kule wakampa insulini yao, wakamtundikia dripu, na kufikia kesho yake alikuwa anafungua macho na kuulizia ufunguo wa friji. Muuguzi wa wodi, kijana mwenye mazungumzo ya taratibu, aliniagiza nilete chupa zake za nyumbani. Akainua moja kwenye mwanga wa dirisha. Ilitakiwa iwe angavu kama maji. Ndani yake palikuwa na ukungu na vijipande vinavyozunguka. "Mama, dawa hii uliiweka wapi?" "Kwenye friji, baba." "Friji linapoza?" "Linanguruma," alisema mama mdogo, na safari hii akalisema akitazama ukuta. Muuguzi akatutoa nje Mama Jeni na mimi, akatuambia wazi: dawa imeharibika kwa joto, amekuwa akijichoma maji tu, na akirudi kwenye hali ile mara nyingine tusidhani atafika hospitali. Akatupa chupa mpya na masharti. Kabla hajatoka wodini, nyumbani pawe na mahali pa baridi.

Kwa hiyo tulirudi Sogea, Mama Jeni akakunja kitenge, tukalivuta friji. Lilitoka kwa shida, likikwaruza sakafu, na kitambaa cha waridi kikaanguka na maua na picha, nikaidaka picha. Hewa iliyotoka nyuma yake ilinipiga usoni kama ya mlango wa tanuri la mikate. Pale kati ya friji na ukuta, palipoachwa nafasi ili joto lipate kutoka, palikuwa pamejazwa mizigo. Mifuko ya rambo iliyofungwa vizuri, imepangwa mmoja juu ya mwingine mpaka juu, imebanwa kwenye zile nondo nyembamba za mgongoni ambazo friji hutolea joto lake. Mama Jeni akafungua mmoja. Gauni la njano lenye maua ya kahawia. Joho la kwaya. Sketi ya shule, ya miaka mingi nyuma. Akakaa chini kwenye saruji. "Hizi si za Neema?" alisema. "Si alituambia anazipeleka Hasamba zikagawiwe huko?" Na mimi nilikumbuka maneno ya wazee Hasamba: kwamba nguo zimeshagawiwa Tunduma. Mama mdogo alikuwa ametudanganya pande zote mbili, kwa ufundi mkubwa, mtu ambaye hakuweza kudanganya hata umri wake. Nililishika lile gauni la njano. Lilikuwa na joto. Lilikuwa na joto hasa, la mwilini, kama mtu amelivua sasa hivi na kwenda kuoga, na hapo nikaelewa ule mkono wa alfajiri na ile sauti, nikaketi kando ya Mama Jeni nikalia kilio nilichokuwa nimekuja nacho tangu uwanja wa ndege.

Hatukuzigusa zaidi. Tulilisukuma friji mbele, mbali na ukuta, mifuko tukaiacha palepale ilipo, na jioni ile ile maji yakaanza kupoa. Tatizo lilikuwa yeye. Nilijua akirudi atalirudisha friji mahali pake, na nilijua itamuua. Siku ya kumtoa hospitali nilimkalisha kwenye kochi, akaliona friji limesimama katikati ya chumba bila kitambaa, akaiona mifuko. Nilitegemea atafoka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Zimepoa?" Nikamwambia ndiyo, mama mdogo, zimepoa. Akafunika uso kwa kitenge. "Nilizificha tu nisije nikanyang'anywa siku ile," alisema kutoka humo ndani. "Sikujua. Asubuhi nikaingiza mkono nizihesabu, nikakuta zina joto. Mama, zina joto kama yeye. Ningefanyaje?" Nikafanya nilichokijua. Nikamweleza friji. Nikamwambia hakuna mashine duniani inayotengeneza baridi, si hili lako wala lile langu la Ulaya. Mashine zote zinachofanya ni kuchukua joto hapa na kulipeleka pale. Joto halifi. Ukilizuia pale lilipotolewa, linarudi ndani, na safari hii limerudi kwenye dawa yako. Alinisikiliza vizuri, akiwa ametoa uso nje, macho mekundu. Kisha akaniuliza, kwa hasira kidogo, kama mtu aliyechoka kuelimishwa: "Basi niambie wewe msomi. Nilipeleke wapi?"

Alikuwa anazungumzia mengine, najua, na nikamshika mikono tukakaa hivyo mpaka chai ya Mama Jeni ikafika. Lakini swali lake lilinishika pabaya. Kwa muda wote ule, maabarani na kwenye makaratasi yangu, nilikuwa nimehangaika na namna ya kuzitoa elektroni zenye joto kwenye shaba. Nilizitoa vizuri sana. Sikuwahi kujiuliza kwa dhati zikishavuka zinakwenda wapi. Superkondakta haipokei joto kirahisi; ndani yake zile elektroni zilikuwa hazina mtu wa kumwachia mzigo, zikarundikana palepale mlangoni, na joto lao likarudi kupitia utando ule ule. Nilikuwa nimeweka friji langu dogo likiwa limebanwa ukutani. Sikumwambia mama mdogo siku ile. Isingekuwa adabu kuchomoa hesabu zangu kwenye msiba wake akiwa bado anatweta.

Yeye ndiye aliyeamua, wiki kadhaa baadaye, na hakumshirikisha mtu. Alimtuma Mama Jeni awaite kina mama wa kwaya waliomjua Neema, na kutoka Hasamba akaita wawili watatu. Alipika mwenyewe, wali na kuku, na mimi nikimwamuru akae kitini na yeye akinifukuza jikoni. Kisha akaketi mkekani akafungua mifuko mmoja baada ya mwingine. Hakuhutubia. Alinyanyua nguo, akamtazama mtu, akampa. Wengine alisema nao maneno machache, kwamba hili alilishona Krismasi ile, kwamba hili lina doa la mafuta ya taa msilaumu sabuni. Walilia wote, kila mmoja kidogo, na nilimwona yeye akilia pia, kwa kelele, kilio cha mwaka mzima, amezungukwa na wanawake wenye nguo mapajani. Gauni la njano lilikwenda kwa binti aliyekuwa akiuza nyanya sokoni. Mwisho wa yote akanigeukia. "Wewe nakupa kitambaa cha friji," alisema. "Maana naona hutaki tena nikitumie." Ndipo wakacheka, na sebule ikawa sebule.

Siku za kwanza aliogopa kwenda sokoni. Alijua atakutana na gauni. Nilimsindikiza, na tulikutana nalo kweli, limeinama juu ya ndoo za nyanya, mgongo wa njano wenye maua ya kahawia. Mama mdogo aliushika mkono wangu mpaka ukauma. Akasimama, halafu akamwendea yule binti akamsalimia, akanunua nyanya ambazo hatukuzihitaji. Njiani kurudi aliniambia, "Unajua nimeshtuka, nikataka kumwita." Nikamwambia, "Sasa kwa nini hukumwita?" "Nitamwita siku nyingine," alisema, na nadhani ni kweli alimwita, maana kufikia mwisho wa mwaka yule binti alikuwa anakuja kumsomea Biblia jioni bila kuombwa. Insulini ilikaa ndani ya friji lililosimama wima mbali na ukuta, wageni wakijigonga nalo, na sukari ikashuka ikatulia.

Nilirudi Ulaya na wazo moja. Nilimwomba profesa tubandike kipande cha shaba ya kawaida kando ya superkondakta, karibu kabisa na mlango, ili elektroni zenye joto zikishavuka ziangukie humo na kugawana joto lao na wenzao wengi waliomo. Kwenye shaba elektroni hazina idadi; joto la kumshinda mmoja likigawanywa kwa wote halionekani. Baadaye nilikuta watafiti wa maabara nyingine nao walikuwa wanaelekea njia hiyo hiyo, kwa hiyo sikuvumbua dunia. Lakini siku tulipowasha, na ile namba kwenye kioo ikaanza kushuka, ikapita pale ilipokuwa ikigoma siku zote, ikaendelea kushuka, nilitaka kumpigia mtu simu Sogea, na Sogea nyumbani kwetu hapakuwa na simu. Profesa aliisoma, akauliza nimelipata wapi wazo. Nikamwambia nyuma ya friji la mama yangu mdogo. Alidhani ni utani wa Kiafrika, akacheka kwa heshima. Kitambaa cha waridi kimekuwa ukutani kwenye ofisi zangu zote tangu wakati huo, na wanafunzi wangu wakiniletea michoro ya vipozeo vyao, swali langu la kwanza ni lile lile aliloniuliza mama mdogo, na kwa hasira ile ile. Yeye aliishi. Aliishi miaka mingi baada ya pale, akazeeka, akamzika hata muuguzi yule, akawa na sweta la kijani alilolivaa kila kipupwe, na kifungo kimoja kilipopotea alishona cheupe akasema asiyekipenda afumbe macho.

Sasa nilikuwa mimi mkekani, na sweta lake mapajani. Sitasema uongo: nilitaka kulichukua. Nilishapiga hesabu ya mahali pa kuliweka kwenye sanduku, katikati ya vitabu, lisikunjike. Ningelifunga kwenye mfuko wa plastiki ili ile harufu isitoke, na ningekuwa nalifungua kila asubuhi kule ninakoishi, mlango umefungwa. Wanawake walisubiri. Shangazi alikohoa. Niliitazama ile kona, na zile alama sakafuni, kisha nikamtafuta Mama Jeni kwa macho. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mwili umepungua, nywele nyeupe zimechungulia chini ya kilemba. Ndiye aliyemuuguza marehemu mpaka mwisho mimi nikiwa mbali, kama kawaida yangu. Nikanyanyuka, nikavuka mikeka, nikampa kwa mikono miwili. Alilivaa palepale juu ya gauni lake la msiba, akafunga vifungo vyote mpaka kile cheupe, na sote tukaanza kulia.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda stendi kutafuta gari la Mbeya. Kulikuwa na baridi ya ukungu, malori yamejipanga kuelekea mpakani, watu wamejikunyata. Mbele yangu, kando ya meza za wauza chai, niliona mgongo wa sweta la kijani, umeinama kidogo upande wa kushoto, ukiharakisha na beseni kichwani. Nilijua kabisa ni nani. Mdomo haukujua. "Mama mdogo!" niliita, kwa sauti kubwa, mpaka wauza chai wakageuka. Lile sweta likasimama. Mama Jeni akageuka taratibu na beseni lake la chikanda, akaniona, akalishika lile sweta kifuani.

"Abee, mama," akaitika.